Vyombo vya Malkia Aliyekufa Mara Tatu

Ngano, ngano!
— Njoo, mkeka umetandikwa!
Nije na nini?
— Njoo na cha kutuchekesha!
Na nikichekesha nusu, nusu nikaliza?
— Lete vyote, tutachagua wenyewe!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye njugu, tafuna taratibu, nisikike.

Hapo kale palikuwa na mji uitwao Kitangeni. Na ninaposema kale, nina maana kale ya kweli, si kale ya kupakwa masizi. Nyumba za mji ule zilikuwa za mawe, na ndani ya kila nyumba, kwenye ukuta wa chumba cha ndani, palikuwa na vidaka. Mnavijua vidaka? Ni vile vijumba vidogo vilivyochongwa ukutani, safu juu ya safu, vyeupe kwa chokaa, vya kuwekea vyombo vya pambo. Magudulia, mabakuli, vyombo vya maua. Mgeni wa Kitangeni akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajakaa, hutazama ukuta. Akishatazama ukuta, ndipo anajua aseme "shikamoo" au aseme "hujambo".

Katika mji ule alikuwapo mwanamke kijana, jina lake Somoe. Mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kununa. Aliolewa na Mselem, mshona kofia. Mselem alikuwa mwema, alikuwa mpole, alikuwa msafi. Ila macho yake yote yalikuwa kwenye kofia. Ungemwondolea paa la nyumba juu ya kichwa chake, angesema, "Alhamdulillahi, leo mwanga ni mzuri, nitalimaliza ua hili kabla ya adhuhuri."

Wawili hawa waliishi nyumbani kwa mama yake Mselem, Bi Mwanasha, mavyaa wake Somoe. Na ukuta ulikuwa wa Bi Mwanasha. Kidaka cha juu, cha Bi Mwanasha. Kidaka cha chini, cha Bi Mwanasha. Kidaka cha katikati, loo! hicho ndicho cha Bi Mwanasha hasa. Ndani yake kilikaa chombo kimoja cha kauri, cheupe, kimechorwa samaki wa buluu. Kimeinama upande kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Na kilikuwa na sikio moja la kushikia. La pili halipo, limekatika.

Somoe alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile. Alipika kwa sufuria za mavyaa wake, akakaa juu ya mkeka wa mavyaa wake, akajipepea kwa kipepeo cha mavyaa wake. Hakumchukia. Bi Mwanasha hakuwa mtu wa kuchukiwa. Lakini kila Somoe alipoutazama ukuta ule, alijiona kama mgeni aliyekuja kuazima ungo, akasahaulika ndani. Alitaka kitu kimoja tu. Kimoja! Kitu alichokichagua yeye, kwa macho yake yeye.

Siku moja habari zikaja kwamba binti wa Bi Mwanasha, aliyeolewa mji wa pili, amejifungua. Bi Mwanasha akafunga mzigo wake aende akamlee mzazi siku arubaini. Mlangoni akageuka, akainua kidole.

"Somoe, mwanangu. Kuku wangu uwape mtama. Mume wako umpe chai. Na vidaka vyangu usiviguse."

"Sawa, Mama."

Akaenda zake. Kuku wakapewa mtama. Mselem akapewa chai. Na vidaka? Msinitazame mimi. Mimi nasimulia tu.

Siku ya kwanza Somoe aliutazama ukuta akiwa amesimama. Siku ya pili aliutazama akiwa amekaa. Siku ya tatu aliutazama akiwa amelala chali. Siku ya nne akajitanda kanga, akaenda dukani kwa Badi.

Badi alikuwa na duka la kubadilishana vyombo. Unaleta chako ulichokichoka, unaondoka na kingine. Mtu mwembamba, mwenye sauti ya asali, na mikono isiyotulia. Duka lake lilikuwa na rafu tatu.

"Karibu, bibiye, karibu," akasema Badi. "Hapa chini ni vya kisasa. Vinang'aa, havina maneno mengi, unaviweka sebuleni na watoto wanacheza. Hapa kati ni vya zamani. Hivi ni vya enzi za bibi zetu, vimeona harusi mbili tatu, vina ufa mmoja wa heshima. Na hapa juu..." Sauti ikashuka, kama mtu anayepita mbele ya wanaosali. "Hapa juu ni vya kale. Hivi huvishiki mpaka umejua habari zake. Wewe, bibiye, unataka cha namna gani?"

"Sijui," akasema Somoe. "Nataka kizuri."

"Basi siwezi kukuchagulia kabla sijaona ukuta wako. Nitapita mchana."

Sasa niwaambieni siri, maana Somoe hakuijua. Nyuma ya duka la Badi palikuwa na tanuri, na nyuma ya tanuri palikuwa na banda la mbuzi. Vyombo vyote vile alivifinyanga Badi mwenyewe! Kikitoka tanurini kizima, kinakaa rafu ya chini, ni cha kisasa. Kikidondoka kikapata ufa, kinapanda rafu ya kati, ni cha zamani. Kikizikwa bandani katika mavi ya mbuzi wiki mbili, kikapakwa masizi, kinapanda rafu ya juu, ni cha kale. Amezaliwa mwezi uliopita, leo ni babu wa watu!

Unacheka, mama wee uliyekaa pembeni? Nyumbani kwako una vingapi?

Mchana Badi akapiga hodi. Mselem akamkaribisha bila kuinua macho kutoka kwenye kofia. Badi akakagua safu ya juu, akasema, "Mm." Akakagua safu ya chini, akasema, "Mm." Akafika kidaka cha katikati. Akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu, akaomba maji ya kunywa.

Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyefinyanga vya uongo miaka yote hiyo, hakuna anayekijua cha kweli kuliko yeye. Alikitazama kile chombo cha sikio moja, akaona kwamba hiki hakikuzikwa bandani kwa mtu. Hiki kilitoka mbali, mikononi mwa fundi, na umri wake ni wake mwenyewe. Na mate yakamjaa mdomoni.

"Bibiye," akasema, "hiki nani amekiweka hapa?"

"Mavyaa wangu."

"Pole."

"Pole ya nini?"

"Hakina sikio. Kimeinama. Mgeni akiingia, kitu cha kwanza anachokiona ni hiki. Atadhani nyumba hii ina njaa." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Lakini usijali. Mimi nina chombo kimoja. Sikutaka kukitoa. Ila nikiutazama uso wako, naona moyo wangu unalainika."

Akaenda, akarudi amebeba kitu kirefu ndani ya kitambaa, kama anayebeba mtoto aliyelala. Akafunua. Chombo cha kijani, shingo ndefu, mdomo wa dhahabu.

"Hiki," akasema Badi, "kilikuwa cha Malkia Mwana Shungu, miaka mia tatu iliyopita. Hakuachana nacho hata siku moja. Alikwenda nacho kuoga baharini, akakishika hivi, likaja wimbi likamchukua. Malkia akazama. Chombo kikaelea."

Somoe akatokwa na chozi. Malkia hamjui, mama yake hamjui, lakini chozi likatoka.

"Na hiki kibovu chako," akasema Badi, akikiinua kile cha sikio moja kwa vidole viwili, "nitakichukua nikusaidie kukitupa. Tumebadilishana."

"Tumebadilishana," akasema Somoe.

Badi akatoka nje. Mwendo wake ulikuwa wa adabu mpaka kwenye kona. Alipofika kwenye kona, akakimbia.

Siku zile zote Somoe alikuwa na furaha. Alikuwa akipika, anaacha chungu, anakwenda kukitazama chombo chake. Wiki zikapita hivyo. Kisha siku moja ya Jumanne akasema, chombo cha maua bila maua ni cha nini? Akachuma asumini, akajaza maji, akapanga vizuri, akaenda kuchambua mchele.

Alipoondoka chombo kilikuwa cha kijani. Aliporudi, ukuta ndio ulikuwa wa kijani.

Maji yalikuwa yanavuja, na rangi inafuata maji, na masizi yanafuata rangi. Akakishika mdomoni, dhahabu ikabaki kwenye vidole. Miaka mia tatu ya Malkia Mwana Shungu ilikuwa inatiririka sakafuni. Na pakatokea harufu.

Mselem akainua pua. "Somoe," akasema, "tumenunua mbuzi?"

Hapo Somoe akakaa chini, akalia kwa sauti. Mselem akaweka kofia chini. Mke wake akilia, hata Mselem anaweka kofia chini. Akatazama ukuta, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke.

"Na kile cha Mama kiko wapi? Kile cha samaki?"

"Nimekibadilisha na hiki."

Mselem akakaa kando yake. "Kile alipewa na marehemu baba siku ya harusi yao," akasema polepole. "Na lile sikio lilikatika siku niliyozaliwa mimi. Uchungu ulimkamata amesimama hapo ukutani, hapakuwa na cha kushika. Akashika sikio lile. Mimi nikatoka, na sikio likatoka."

Jamani! Somoe alitamani sakafu ifunguke.

Na habari mbaya haiji peke yake. Alasiri ile ile akaja mpita njia na salamu. Bi Mwanasha anasema mzazi hajambo, mtoto hajambo, na yeye mwenyewe atafika Ijumaa.

Jumatano asubuhi Somoe akawa wa kwanza dukani kwa Badi.

"Nirudishie chombo changu."

"Kipi, bibiye?"

"Cha sikio moja."

"Ah! Kile nimeshakitupa. Tena baharini."

Somoe akainua macho. Rafu ya juu kabisa, chini ya kitambaa, ulikuwa umechungulia mkia wa samaki wa buluu.

"Na kile pale?"

"Kile ni kingine."

"Mbona kina sikio moja?"

"Vya sikio moja ni vingi duniani, bibiye. Nenda kapumzike, jua kali."

Somoe akarudi nyumbani kwa hasira. Akamwambia Mselem, "Mume wangu, nenda wewe. Wewe ni mwanamume, yeye ni mwanamume. Usicheke naye, usikae, usinywe kahawa yake. Sema nataka chombo cha mama yangu. Basi."

Mselem akavaa kofia yake mpya, ile aliyoishona miezi minne, akaenda. Somoe akasubiri. Akasubiri. Akasubiri mpaka akachoka kusimama. Mwisho akamwona mumewe anakuja, kichwa wazi, amekumbatia kitu kifuani. Ni chombo cha maua. Kimefinyangwa umbo la jogoo. Maua unayatia mkiani.

"Nini hiki?" akauliza Somoe.

"Ni cha Malkia," akasema Mselem, na macho yake yalikuwa mekundu. "Alikufa nacho mkononi, maskini. Alikula fenesi zima peke yake."

"Fenesi gani? Alizama baharini!"

"Hapana, mke wangu. Badi amenieleza vizuri. Ni fenesi."

"Na kofia yako?"

Mselem akajishika kichwa. Akajishika tena. "Tumebadilishana," akasema.

Nyinyi mnacheka. Somoe naye alitaka kulia, lakini badala ya kilio kikatoka kicheko. Kwa sababu kuna neno lilikuwa limemwingia kichwani. Malkia mmoja. Vifo viwili. Akajitanda kanga akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, Bi Chano.

Bi Chano ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika harusi zote za Kitangeni. Mwanamke wa kifua kipana. Akiita kuku wake, kuku wa mtaa wa pili nao wanakuja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba?"

Somoe akamweleza yote. Bi Chano akasikiliza, kisha akainuka, akaenda ndani, akarudi na chombo chekundu chenye ufa.

"Hiki alinipa Badi mwaka jana," akasema. "Nikampa birika langu la shaba. Ni cha Malkia Mwana Shungu. Lakini Malkia wangu mimi hakuzama, wala hakula fenesi. Alikufa kwa mapenzi. Nimemtungia na wimbo!"

Wakatazamana. Shangazi akaanza kutikisika mabega. Mpwa akaanza kutikisika mabega. Wakacheka mpaka wakashikana mikono wasianguke.

"Mwanangu," akasema Bi Chano akijifuta machozi, "malkia mwenye vyombo vyote hivi hakosi kuwa na jamaa. Kesho jamaa zake watakwenda kumlilia."

Alhamisi asubuhi duka la Badi lilikuwa limejaa. Liwali wa mji naye alikuwapo, amekaa kwenye kiti cha heshima, anachagua chombo cha kidaka chake cha mlangoni. Badi amesimama mbele yake, mikono inacheza. "Hiki, mheshimiwa, kilikuwa cha Malkia..."

"Wiiiiiiii!"

Badi akaruka. Mlangoni wameingia wanawake kumi na wawili, wote wamevaa mabuibui meusi, wameshika vichwa, wanalia. Mbele yao Bi Chano, nyuma yake Somoe.

"Wiii! Nyanya yetu! Nyanya yetu Mwana Shungu! Alizama baharini!"

"Baharini!" wakaitikia wengine.

"Akala fenesi!"

"Fenesi!"

"Akafa kwa mapenzi!"

"Mapenzi!"

"Kafa mara tatu, maskini, na mara zote tatu hatukuitwa mazikoni!"

Liwali akasimama. "Kuna nini hapa?"

"Mheshimiwa," akasema Bi Chano, akapenga kamasi kwenye ukaya wa kichwani, "sisi ndio kizazi cha Malkia Mwana Shungu. Vyombo vyake viliibwa siku aliyokufa. Siku zote tatu. Tumevitafuta mpaka miguu imekwisha. Leo tumeviona, vyote viko kwa Badi. Tumekuja kuchukua urithi wetu. Haya wanangu, bebeni!"

Wanawake wakapanda rafu ya juu. Huyu ameshika chombo, yule ameshika gudulia, mwingine ameshika viwili, kimoja kila kwapa. Wakaanza kutoka nje kwa mstari, wanalia huku wanabeba.

"Weka! Weka chini!" Badi alikimbia mlangoni, akarudi ndani, akakimbia mlangoni tena. "Mheshimiwa, hawa waongo! Hana jamaa huyo!"

"Unajuaje hana jamaa?" akauliza liwali.

"Kwa sababu... kwa sababu..." Badi akajaribu asali yake, lakini siku ile asali iliganda.

Liwali akamkaribia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Badi. Nijibu neno moja. Vyombo hivi ni vya Malkia au si vya Malkia? Vikiwa vyake, ni mali ya wizi, na wewe unakwenda gerezani sasa hivi. Visipokuwa vyake, useme ni vya nani."

Badi akatazama kulia, mabuibui. Akatazama kushoto, wateja. Akatazama mbele, tumbo la liwali. 

"Ni vyangu!" akapiga kelele. "Ni vyangu, wallahi! Hakuna malkia! Nimevifinyanga mimi, kwa mikono hii! Nendeni nyuma mkaone tanuri, nendeni mkawaulize mbuzi!"

 Liwali akashika kiuno.

"Hakuna malkia?" akasema. "Badi. Mimi nina chombo chake chumbani kwangu. Mimi nimemlilia yule mama. Mke wangu alinikuta nalia, nikamwambia ni vumbi!"

Watu wakaangua kicheko, hata liwali mwenyewe akageuka ukutani asionekane. Lakini Somoe hakucheka. Alikuwa bado na kazi yake. Akajitokeza mbele, akaonyesha kidole juu, kwenye kitambaa.

"Na kile, Bwana Badi? Kile cha samaki? Nacho ni cha wizi, au nacho umekifinyanga wewe?"

Badi akamtazama. Akajua ameshikwa. Akisema si chake, liwali atauliza amekitoa wapi, na Somoe yuko pale atajibu. Moyo wake ulikipenda kile chombo kuliko vyote, lakini gereza nalo lilikuwa karibu sana.

"Nacho," akasema kwa sauti ndogo. "Nacho nimekifinyanga mimi."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Kwa udongo huu huu?"

"Huu huu."

"Basi," akasema Somoe, akatoa chini ya buibui lake kile chombo kirefu, kijani kimebaki madoadoa, "hiki nacho ni udongo wako, na kile ni udongo wako, na hili ni duka la kubadilishana. Chukua udongo wako, nipe udongo wako. Au kimoja kina thamani kuliko kingine? Tueleze mbele ya liwali."

 Alipanda juu ya kigoda, akakishusha kile chombo taratibu, na kabla hajampa akakipitishia kiganja mara moja, kama mtu anayeaga.

"Bibiye," akanong'ona, "kishike vizuri. Mimi nimejaribu miaka ishirini kutengeneza kama hicho. Sijaweza."

Na siku ile, mpaka adhuhuri, wateja wote walirudisha na kurudishiwa. Bi Chano alipata birika lake. Mselem alipata kofia yake. Yule jogoo naye akarudi rafuni, na hakuna aliyemlilia.

Ijumaa Bi Mwanasha akafika. Akasalimiwa, akavuliwa buibui, akapewa maji. Kabla hajakaa akatazama ukuta. Akatazama kidaka cha katikati. 

"Somoe."

"Abee, Mama."

"Samaki wangu mimi huwaelekeza mlangoni. Mbona leo wanatazama jikoni?"

Somoe angeweza kusema ni vumbi, alikuwa akifuta. Angeweza kusema ni paka. Lakini siku tatu alikuwa ameshiba uongo. Akapiga magoti, akasema yote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hakuacha hata mbuzi.

Bi Mwanasha alisikiliza uso wake haucheki wala haununi. Mwisho akauliza, "Malkia alikufa kwa nini na nini?"

"Kwa maji, kwa fenesi, na kwa mapenzi."

Bi Mwanasha akashika mbavu. Akaanguka juu ya mkeka, mzima mzima na mizigo yake, akacheka mpaka kuku wakakimbia uani. Alipotulia akamvuta Somoe akae kando yake.

"Ulitaka chombo. Kwa nini hukuniomba nafasi?"

"Nilikuogopa, Mama."

"Hm." Bi Mwanasha akautazama ukuta wake, safu baada ya safu. "Mimi nilimwogopa mavyaa wangu miaka kumi na moja. Sikuweka humu hata kikombe. Alipofariki, Mungu amrehemu, nikaujaza ukuta wote kwa wiki moja. Ndiyo maana unauona umejaa hivi. Nusu ya vyombo hivi hata sivipendi."

Akainuka. Akaanza kushusha vyombo vya safu ya pili. Kimoja, kingine, kingine, vyote akavipanga sakafuni. Akapangusa mikono.

"Safu hii ni yako. Usipoijaza, nitakutana nawe."

Somoe akasema ahsante. Akaushika mkono wa Bi Mwanasha, akaubusu.

Jumamosi wakaenda pamoja kwa Badi. Duka lilikuwa na rafu tatu zile zile, lakini zote tatu zilikuwa na vya kisasa tu. Na Badi, jamani, alikuwa amechoka kusema uongo kwa wiki ile.

"Hiki lini?" akauliza Bi Mwanasha.

"Jumatatu."

"Na hiki?"

"Jumanne. Kimeungua upande mmoja, nililala nikakisahau tanurini."

"Na hiki cheupe?"

"Hicho cha jana, mama. Kina joto bado, kishike."

Bi Mwanasha alitaka Somoe achukue kile cheupe, cha mviringo, kilichotulia. Somoe akazunguka duka mara moja, akazunguka mara ya pili, akazunguka mara ya tatu. Akachukua kile kilichoungua. Upande mmoja mwekundu, upande wa pili mweusi, na palipokutana rangi mbili palikuwa kama mawingu ya mvua.

"Hicho kibaya," akasema Bi Mwanasha.

"Nakipenda, Mama."

"Kibaya. Lakini safu ni yako. Haya, twende."

Somoe akakiweka kwenye safu yake, peke yake. Hakutia asumini, alitia maua ya maboga, manjano, kutoka uani. Siku ya kwanza Bi Mwanasha akapita akasema, "Kibaya." Siku ya pili akapita akasema, "Kibaya, na maua ya maboga ni ya kupika." Siku ya tatu akapita, akasimama, akatazama sana, hakusema neno.

Siku ya nne Somoe alipoamka alikuta maua yaliyonyauka yameondolewa, na chombo kimejazwa maji mapya mpaka shingoni. Uani Bi Mwanasha alikuwa anawapa kuku mtama, amempa mgongo, anaimba.

Ngano nimeitua hapo, kichwa changu kimepata nafuu!
— Na sisi tumeipokea!
Aliyeipenda aende nayo kwake, aliyeichoka aiache mkekani, na aliyesinzia katikati?
— Atasimuliwa na jirani yake!